Kidonge Kilichogeuka

Haya nayatoa kwenye madaftari yangu ya miaka ile. Pale daftari liliponyamaza nitasema limenyamaza, maana akili yangu ina tabia ya kujaza mashimo kwa vitu inavyovipenda. Nilisoma mpaka darasa la saba, na la saba lenyewe sikulimaliza. Mambo ya hospitali nitayaeleza jinsi nilivyoelezwa. Nikikosea, kosa ni langu, si la aliyenieleza.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa na kibanda Garissa, karibu na soko la mifugo. Niliuza dawa za minyoo, dawa za kupe, na sindano za ngamia. Watu waliniita daktari wa mbuzi, wengine kwa heshima, wengine kwa dhihaka, na sikuwa na haki ya kukasirikia wala hawa wala wale. Mama nilikuwa nimemleta mjini kutoka Eldas baada ya baba kufariki. Hakuupenda mji. Alisema Garissa ni mahali ambapo watu hununua maziwa, na mtu anayenunua maziwa hana tofauti na yatima.

Uvimbe ulianza kwenye titi la kushoto. Hakumwambia mtu mpaka mke wangu alipouona siku moja akimsaidia kuoga. Kwetu mama hamwonyeshi mwanawe mwili wake, kwa hiyo yote nitakayosema juu ya ukubwa wa uvimbe nilipewa na mke wangu. Hospitali moja ya Nairobi ilimkata titi. Baada ya miezi kadhaa vikatokea vivimbe vingine chini ya kwapa, na hapo akaandikiwa vidonge vyeupe, kimoja kila siku, bila kukosa. Jina lake lilikuwa refu na sikuweza kulitamka. Sisi tulisema vidonge tu. Ugonjwa wenyewe hatukuutaja nyumbani. Tulisema "ule."

Vidonge vilifanya kazi. Hili lazima niliandike wazi, kwa sababu nilikuja kuvichukia baadaye. Kwa muda wa karibu miaka miwili vivimbe vya kwapani vilinywea mpaka mke wangu akawa anavitafuta kwa ncha ya kidole. Mama alirudi kunenepa. Alinunua mbuzi wawili akawafunga uani, akawa anagombana nao asubuhi nzima kama alivyokuwa akigombana na mifugo yote ya Eldas. Kila miezi mitatu nilikwenda Nairobi na kadi yake, nikapanga mstari kwenye dirisha la dawa, nikarudi na vidonge vya miezi mitatu mingine.

Kisha kikatokea kivimbe shingoni, juu kidogo ya mfupa wa bega.

Wiki hiyo hiyo dereva wa lori lililokuwa likipeleka unga Hagadera alisimama kibandani kwangu, akanipa kikopo cheusi, vile vya kuwekea filamu ya kamera. Kilikuwa kitupu.

"Hiki ni cha mama yako," alisema. "Yule mama wa kambini anamsalimia sana. Anasema vimeisha."

"Vimeisha nini?"

"Mimi nijue? Mimi mwenye lori. Kila mwezi napewa hiki kinaenda, napewa kinarudi. Nilidhani ni ubani."

Yule mama wa kambini alikuwa binti wa mama mkubwa wa mama yangu. Mimi nilimwita habaryar, yaani mama mdogo. Alivuka mpaka na wakimbizi wakati serikali ya kwao ilipoanguka, akapewa pa kuishi Hagadera. Nilijua ana uvimbe kwenye titi. Nilijua pia daktari wa kambini alimwambia ni ugonjwa ule ule na kwamba dawa yake iko Nairobi, na mkimbizi hatoki kambini bila barua, na barua yake ilikuwa inasubiriwa tangu mwaka uliopita. Haya yote niliyajua. Nilikuwa nimeyasikia jinsi mtu anavyosikia habari za ukame wa wilaya nyingine.

Nilifunga kibanda mchana huo huo nikaenda nyumbani. Mama alikuwa ameketi mkekani anachambua mchele.

"Hooyo," nilisema, yaani mama kwa lugha yetu, "unagawa vidonge?"

Hakuinua macho. "Navikata kwa wembe. Nusu yangu, nusu yake. Navikata sawasawa, usidhani nampunja."

"Tangu lini?"

"Tangu aliponiambia kuwa anaumwa. Ulitaka nianze lini?"

"Dawa si maziwa, hooyo."

"Nani kakuambia? Mtu akikujia na kiu na wewe una kibuyu, utamwuliza kiu yake imeandikwa na daktari gani?"

"Kila siku sokoni nawaambia watu: ukimpa mnyama nusu dozi humtibu, unamfundisha kupe kuishi na dawa. Kila siku! Na nyumbani kwangu—"

"Warya," alisema, kama anavyoitwa mtoto wa kiume, na sasa akaniangalia, "mimi si mbuzi, na ndugu yangu si kupe."

Sikukubali kushindwa, na hilo ndilo kosa langu. Nilichukua kopo la vidonge nikalifungia kwenye sanduku langu la bati. Kuanzia kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, nilimpelekea mama kidonge kizima na kikombe cha chai ya maziwa. Nilisimama mpaka amemeza. Kisha nilimwomba afungue kinywa.

"Tazama vizuri," alikuwa akiniambia, kinywa wazi. "Huenda nimemficha habaryar wako chini ya ulimi."

Mke wangu alicheka, hata mimi nilicheka. Na kila asubuhi kinywa kilikuwa kitupu. Kidonge kizima kilikwenda tumboni, na Hagadera hakikwenda kitu. Niwe mkweli: sikumpelekea habaryar hata salamu ya kueleza. Dereva wa lori alipokuja kuuliza kikopo nilimwambia hakuna safari hii. Alishika njia yake. Safari iliyofuata hakuuliza.

Kwa uadilifu niseme nilichokuwa nikifikiri. Nilifikiri mama anakufa kwa sababu ya nusu dozi. Mambo mengine ya dunia hii siyajui, lakini hilo la dozi ndiyo kazi yangu, na nilimwona mtu mwenye dawa mkononi akiifundisha adui yake. Nilidhani nikirudisha dozi kamili, kivimbe cha shingo kitanywea kama vya kwapani. Nilimpa miezi miwili.

Hakikunywea. Mwezi wa pili mke wangu aliniambia vimekuwa viwili, na cha kwanza ni kama yai la njiwa. Mama alianza kula anjera, mkate wetu mwembamba, kwa kuilowesha sana kwenye mchuzi, kwa sababu ilimkwama. Nilisema tumechelewa kidogo tu, tuendelee. Nadhani nilisema hivyo zaidi ya mara moja. Daftari lina "tuendelee" sehemu nyingi.

Halafu ikaja mvua ile kubwa.

Waliokuwepo hawahitaji kuelezwa. Mto Tana ulivimba, barabara ya Nairobi ikakatika, na barabara za kwenda juu, Wajir na Elwak, zikawa ziwa. Mbuzi na ngamia walikufa kwa ugonjwa ambao sindano zangu hazikuugusa, na watu pia walikufa. Kibanda changu kilikuwa na maji mpaka magotini. Vidonge vya mama viliisha wiki ya pili ya mvua. Niliandika: *Leo hakuna kidonge. Siku ya kwanza.* Kisha *siku ya pili.* Niliandika hivyo mpaka siku ya kumi na nane, kisha nikaacha kwa sababu ilikuwa kama kujichapa mwenyewe.

Nilisubiri afe. Sina namna nyingine ya kulisema. Kila asubuhi nilikwenda kumwangalia nikitarajia shingo imezibwa.

Wiki ya sita au ya saba, hapa daftari halisemi vizuri, mama aliniita.

"Leo nimekula anjera kavu."

"Alhamdulillahi."

"Usiseme alhamdulillahi kama mtu anayekohoa. Mwite mke wako aishike shingo."

Mke wangu aliishika. Aliishika tena siku ya tatu. Akanijia uani, mikono bado ina sabuni, akasema: "Kile kikubwa kimelainika. Kimepungua. Wallahi, kimepungua."

"Hivi hivi, bila dawa?"

"Hivi hivi."

Mama alikuwa amekwisha kuamua. "Ni vile vidonge," alisema. "Nilikuwa nalishwa sumu na mwanangu mwenyewe, na kinywa ananikagua."

Alisema kwa kucheka, lakini alimaanisha. Nami nikamjibu kwa upole wa mtu anayejua kuliko mwenzake. Nikamwambia vidonge ndivyo vilivyomweka hai miaka miwili. Nikamwambia ni hewa, joto limepungua. Nikamwambia ni maziwa, maana majani yalikuwa yameota kila mahali na ngamia waliobaki walitoa maziwa mazito. Kwenye daftari niliandika, *Mama anasema dawa ndiyo mbaya.* Kisha nikaikata kwa mstari. Inasomeka bado chini ya mstari. Namshukuru Mungu kalamu yangu ilikuwa hafifu.

Barabara ilipofunguka nilikuwa katika watu wa mwanzo waliovuka. Tulishuka kwenye basi mara nne kulisukuma. Pale kwenye dirisha la dawa niliomba vidonge vya miezi sita badala ya mitatu, nikaeleza habari za mafuriko, na mtu wa dirishani akanionea huruma. Nilirudi Garissa nimekumbatia mfuko ule kifuani.

Mama alikataa. Siku ya kwanza alikataa, siku ya pili alikataa. Siku ya tatu nilipiga magoti mbele ya mkeka wake, mtu mzima mwenye watoto, nikamwambia nikimwacha afe bila dawa nitaishije. Nilimwambia mambo ya radhi. Haikuwa haki. Mama hawezi kujibu neno hilo.

"Lete," alisema. "Nameza kwa ajili yako. Kwa ajili ya shingo yangu nisingemeza."

Alimeza. Hakuniruhusu tena kuangalia chini ya ulimi, nami sikuomba. Kufikia mwezi wa tatu vivimbe vilikuwa vimerudi na vingine vimeongezeka, na mkono wa kushoto ukajaa mpaka bangili ikabidi ikatwe kwa koleo. Alikuwa ameivaa tangu arusi yake.

Safari hii nilimpeleka mwenyewe Nairobi. Daktari aliyetupokea alikuwa binti mdogo, pengine hakufika miaka thelathini, miwani imeteremka puani. Mama alimsalimia kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Daktari, hii bidonge yako nafanya kazi ya nani?" Daktari alicheka kidogo. Kisha akaanza kuuliza, akaandika, akauliza tena. Alipofika kwenye habari za mafuriko aliweka kalamu chini.

"Ngoja, kaka. Rudia hapo. Alipokosa dawa, uvimbe ulipungua?"

"Ulipungua. Nilidhani ni maziwa."

"Na mlipoanza tena?"

"Ukakua."

  Daktari akachukua karatasi akachora duara, na ndani yake kitu kama kiti.

Nitaandika alivyosema, kwa kadiri nilivyoelewa. Alisema ndani ya kila chembe ya mwili mna maandishi ya urithi, yanaitwa jeni, nayo ndiyo yanayoiambia chembe ifanye nini. Mengine yanasema kaa, mengine yanasema kua. Ugonjwa wa mama ni wa aina ambayo homoni ya kike ikija ikakaa kwenye kiti chake, yale ya kukua yanawaka. Kidonge kilitengenezwa kikakae kwenye kiti hicho kabla yake, ili homoni ikose nafasi na maandishi yabaki yamezimwa.

"Ndivyo tulivyofundishwa chuoni," alisema. "Kinazima. Lakini kuna wagonjwa ambao, baada ya muda, uvimbe unabadilika. Kidonge kipo pale pale kwenye kiti. Ila sasa kukaa kwake ndiko kunakowasha."

"Kidonge kile kile?"

"Kile kile."

"Si kwamba vimeharibika kwa joto? Garissa kuna joto."

"Havijaharibika. Kidonge hakijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni jinsi uvimbe unavyokisoma. Waliokitengeneza hawakulitarajia hili. Hata sisi tunajifunza."

Mama alinivuta mkono. "Anasema nini? Mbona umekuwa rangi ya majivu?"

Nilimwambia kwa lugha yetu. Sikuwa na neno la jeni, nikatumia kisima. Nilimwambia: hooyo, unakumbuka visima vya Eldas wakati wa kiangazi, mtu anasimama kwenye birika la kunyweshea kuzuia mifugo ambayo zamu yake haijafika? Kidonge kilikuwa mtu huyo. Kimesimama pale siku nyingi, na mifugo ile isiyo na zamu imemzoea. Sasa yeye ndiye anayeichotea maji.

Mama alifikiri. Aliwahi kusimama birikani mwenyewe, alijua nasema nini.

"Na wewe," alisema, "ndiye uliyekuwa unampeleka kazini kila alfajiri."

Daktari akauliza, "Anasemaje?"

"Anasema ameelewa."

Hakuwa amekasirika, na hilo lilinichoma zaidi. Nikamwuliza daktari swali langu, kwa sababu nilijua nisipouliza siku ile nitajiuliza maisha yote. Nilimweleza habari ya wembe na Hagadera. Nikamwuliza: ni nusu dozi iliyoufundisha uvimbe, au ni dozi nzima niliyomlazimisha iliyoulisha? Nilitaka aseme moja. Lolote.

"Sijui," alisema. "Wapo waliomeza nzima kila siku na ukageuka. Hiyo nusu, pengine nayo ilikuwa inatosha kuzima. Siwezi kukuambia, kaka. Na atakayekuambia anajua, usimwamini."

Alikuwa mtu mwaminifu. Nilimchukia kwa muda, kisha nikaacha.

Alisema vidonge visimamishwe. Akaandika hivyo kwenye faili, mbele yangu. Alisema uvimbe unaweza kutulia kwa muda, miezi labda, na baada ya hapo kuna dawa za maji ya mishipani, kali, za kulala hospitalini. Mlangoni nilikumbuka nikarudi peke yangu.

"Yule wa Hagadera. Kwake?"

"Sijamwona. Siwezi kumwandikia mtu nisiyemwona." Alivua miwani. "Ila mtu ambaye hajakitumia muda mrefu, mara nyingi bado kinazima."

Ndiyo kusema nilikuwa nimemnyang'anya kidonge mtu ambaye kilimfaa, nikampa zima zima mtu ambaye kilimuua. Sisemi nilifanya hivyo kwa ubaya. Nasema nilifanya.

Vilibaki vidonge vya karibu miezi mitatu. Mama hakunisubiri hata nivue viatu siku tuliyorudi. "Vipeleke," alisema. Nilikwenda Hagadera kwa lori lile lile. Habaryar aliishi katika kibanda cha fito na turubai, karibu na mahali punda wa mikokoteni hufungwa. Alikuwa amekonda. Uvimbe wake, kwa maelezo ya binti wa jirani aliyekuwa akimhudumia, ulikuwa umefikia ukubwa wa ngumi na ngozi imeanza kuwa nyekundu. Alinikaribisha kwa chai, akaniuliza habari za mbuzi wawili wa mama, hakuniuliza nilikuwa wapi miezi yote ile.

Nilipoweka kopo mbele yake alilifungua akachungulia.

"Umeleta nzima? Mama yako ameuza wembe?"

Nilimweleza yote, hata kwamba kwa mama vimegeuka. Nilimwambia anaweza kukataa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwangu vitageuka lini?"

"Sijui, habaryar. Huenda visigeuke."

"Basi nitakuwa nakata nusu," alisema, "vikae siku nyingi."

 Na mimi, mwenye hotuba yangu ya kupe, nilimsaidia kutafuta wembe.

Mama alitulia kama daktari alivyosema. Ilikuwa miezi minne. Sitaki kuipamba. Alikula, alitembea mpaka kwenye mbuzi, alimfokea mke wangu kwa kuweka chumvi nyingi, na kila siku tulijua tunakopa muda. Kisha mgongo ukaanza kuuma, kisha macho yakawa manjano. Nilimwambia turudi Nairobi kwa ile dawa ya mishipani.

"Na hiyo nayo inageuka?"

Nilikuwa nimemwuliza daktari swali hilo. "Alisema zote zinaweza. Nyingine huchelewa."

"Basi niache. Nimechoka na basi. Mgongo wangu hauwezi lile bonde la kabla ya Mwingi."

Sikumlazimisha. Watu wengine wa ukoo walisema nilipaswa, na inawezekana walikuwa na haki. Nilikuwa nimemlazimisha mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa na hakika.

Siku chache kabla ya kufa, akili ikiwa bado yake, aliniuliza: "Vile vya Hagadera, anameza?"

"Anameza."

"Vinamsaidia?"

Sikuwa nimefika kambini tangu siku ile ya kopo. Sikuwa na habari yoyote, nzuri wala mbaya. "Vinamsaidia sana," nilisema. "Uvimbe umenywea."

Alifumba macho. "Si nilikuambia," alisema. Aliishi siku nne zaidi. Tulimzika alasiri, upande wa nje wa mji, na upepo ulikuwa mwingi mpaka ikabidi tupokezane kushika shuka lililositiri kaburi.

Baada ya tanzia nilikwenda Hagadera kupeleka habari ya msiba, kwa sababu habari kama hiyo haitumwi kwa dereva. Nilikwenda nikiogopa nitakachokikuta. Habaryar alikuwa nje, amesimama, anafua. Alipoiona sura yangu alijua, akakaa chini, tukalia. Baadaye yule binti wa jirani akaniambia bila mimi kumwuliza: uvimbe umepungua mpaka nusu, wekundu umekwisha, na usiku analala.

Kwa hiyo uongo wangu ulikuwa kweli. Sikuwa na haki ya kufurahi, lakini nilifurahi, pale pale kwenye msiba.

Habaryar alileta kopo. Ndani yake mlikuwa na vipande tisa.

"Vingine vitapatikana?" aliuliza. Aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza kama kuna sukari. "Kama havipo, sema. Usinifiche."

Nilimwambia nitajaribu. Kadi ya mama ilikuwa bado nyumbani. Daktari aliandika kwenye faili kwamba vidonge visimamishwe, lakini kwenye kadi hakuandika kitu. Nilikuwa nimeisahau mfukoni siku ile na sikuitoa. Mstari wa vidonge ulikuwa pale pale, na mhuri wake. Dirisha la dawa lilitazama kadi tu. Maduka ya dawa ya Garissa hayakuwa na vidonge vile, na yule daktari binti, niliambiwa, amekwenda kusoma ng'ambo. Njia ilikuwa hiyo moja. Nilijua ni udanganyifu. Nilikaa na jambo hilo siku mbili nikaona kwamba dhambi ya kadi ni ndogo kuliko dhambi niliyokwisha kuifanya, nikapanda basi.

Mtu wa dirishani alikuwa yule yule aliyenionea huruma wakati wa mafuriko. Alinikumbuka. Akaichukua kadi, akaitazama, akageuka kwenye rafu, akashusha kopo. Nililiona mkononi mwake. Alianza kuandika, na huku anaandika akaniuliza, kwa wema tu, kama mtu anavyomsalimia mwenzake:

"Na mama anaendeleaje?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali la dawa. Swali hilo sikujiandaa nalo. Neno lilikuwa rahisi: hajambo. Lakini siku arobaini zilikuwa hazijatimia, na ulimi wangu haukuweza kusema mama hajambo.

"Amefariki," nilisema.

Aliacha kuandika. "Aa. Pole sana, ndugu yangu. Mungu amrehemu." Kwa kweli alisikitika, niliona. Akalirudisha kopo kwenye rafu, akapiga mstari juu ya kadi, akaitia kwenye droo pamoja na nyingine.

"Ulifanya vizuri kuirudisha," aliniambia. "Wengi hawarudishi."